Mota Mia Tatu na Ishirini

Niseme mapema ili tusisumbuane: kosa lilikuwa langu. Si la kompyuta, wala si la muuzaji, ingawa muuzaji yule nikimwona leo nitavuka barabara nisije nikamtukana. Mimi ndiye niliyechagua mota.

Karakana yetu ni chumba kimoja kirefu chenye madirisha matatu, mawili hayafunguki, na meza ya majaribio ambayo ilikuwa mlango wa stoo kabla hatujaupa miguu. Tunatengeneza mikono ya roboti ya kulishia watu. Mkono unaufunga mezani, unaweka bakuli mbele yake, mtu asiyeweza kushika kijiko anabonyeza kitufe kwa kiwiko au kwa goti, na mkono unachota chakula unamletea mdomoni. Tulikuwa na maombi ya mikono themanini kutoka hospitali mbalimbali, na kila mkono unataka mota nne. Hesabu hiyo hata mkuu wetu aliiweza bila kompyuta.

Mkuu wetu tulimwita Bwana Jedwali, kwa sababu ukimpa habari za asubuhi anatafuta safu ya kuzijaza. Si mtu mbaya. Ana imani tu kwamba jambo likishaandikwa kwenye miraba, basi limekuwa kweli.

Mota zenyewe zilikuwa za servo, zile zisizo na brashi. Mota ya kawaida ina vipande vya kaboni ndani ambavyo vinasugua mpaka vinaisha, hizi hazina. Unaiamuru izunguke nyuzi kumi, inazunguka kumi na kusimama hapohapo, miaka nenda miaka rudi. Ila kiwanda hakiuzi mojamoja kwa watu kama sisi. Unaagiza mia tatu kwenda juu, na ukishaagiza hairudi hata moja. Kwa hiyo ilibidi mtu achague vizuri, na Bwana Jedwali akaninyooshea kalamu.

"Fundi," akasema, "wewe umezaliwa kwenye mota. Chagua."

Kweli nimezaliwa kwenye mota. Baba yangu alisuka mota miaka arobaini. Ukimletea iliyoungua, anafumua waya zote na kuzisuka upya huku akikusomea makosa yako yote ya maisha. Nimejifunza kwake kazi, na mdomo pia nimeutoa kwake.

Lakini mikono ya baba ilikuwa imeanza kutetemeka, na ule ulikuwa mwaka wa pili. Nyumbani kwetu neno hilo halikutamkwa. Akiketi, anaikalia mikono. Akija mgeni, anasema ameshakula. Chakula chake anakula chumbani, mlango umefungwa, na nikiingia baadaye kufagia nakuta nusu iko kitandani na nusu ukutani. Kilichofika tumboni Mungu ndiye anajua. Mkanda wake nilikuwa nimeupeleka kwa fundi viatu mara tatu kuongezwa tundu. Siku moja nikajikaza nikamwambia, "Baba, acha nikulishe." Alinitazama kana kwamba nimemtukania mama yake.

"Siku utakayonitia kijiko mdomoni," akasema, "uwe umeshachimba na kaburi, ili tusipoteze muda."

Kichwa kigumu ajabu. Na mimi namwona anakufa njaa ndani ya nyumba yenye chakula. Niliogopa mpaka nikawa namchukia kidogo. Kwa hiyo mikono themanini ilikuwa ya hospitali, sawa, lakini kichwani mwangu ulikuwepo mmoja tu, wa baba. Bwana Jedwali alishakubali kwamba wa kwanza kukamilika nitaupeleka nyumbani.

Sampuli zikaja za aina mbili. Muuzaji wa kwanza alikuja mwenyewe, suti imembana, maneno yanateleza. Yule bwana alijua kumpaka mtu mafuta kwa mgongo wa chupa. Alituachia mota nne, nyeusi, nzito, zinang'aa. Tukaziita Dume. Muuzaji wa pili alituma mbili tu, kwenye boksi lililobondeka, na zilikuwa za kijivu kama vumbi. Hizo tukaziita Mchovu.

Tulizipima jinsi tunavyopima siku zote. Unaifungia mota paketi ya sukari ya kilo mbili, unaiamuru iinue na kushusha, juu chini, juu chini, kutwa nzima. Dume aliinua ile sukari kana kwamba anamnyang'anya mtu. Mchovu aliinua pia, ila kwa kujivuta, na jioni mwili ukawa wa moto. Kwenye jedwali Dume akashinda safu sita kati ya nane. Hakuna hata mmoja wetu aliyejiuliza ni nani anayekula kilo mbili za sukari kwa kijiko kimoja.

Hata hivyo sikusaini. Kwa sisi watu wa kusuka, mota haijapimwa mpaka imepita mkononi. Nikatia Dume mmoja na Mchovu mmoja kwenye mkoba, nikampelekea baba.

"Nimekuletea wachumba wawili," nikamwambia. "Niambie nimkubali yupi."

Akaitoa mikono chini ya mapaja. Nikajifanya hamnazo, nikatazama dirishani. Alizungusha kwa vidole shafti ya Mchovu, ule mhimili wa chuma unaochomoza, ikateleza kimya. Akasonya. Akazungusha ya Dume. Ikakwama, ikaachia, ikakwama, ikaachia. Uso ukamchangamka.

"Hizi ndizo sumaku," akasema. "Zinakushika kweli. Huyu mwenzake sumaku zake zimelala fofofo."

Ndivyo alivyonifundisha tangu niko mdogo: mota ya sumaku ikikukwamia mkononi ni nzima, ikiteleza imechoka. Niliamini. Na hata nisingeamini ningekubali tu, maana ilikuwa mara ya kwanza kwa miezi mingi kumwona baba akijivuna. Asubuhi yake nikasaini: Dume, mia tatu na ishirini.

Bwana Jedwali alikuwa amebakiza kubonyeza tu ili oda iende. Ila safu moja ilikuwa tupu, ya jaribio la mlaji, na yeye safu tupu inamwasha mwili mzima. Nikasema nitamleta mlaji. Nikamwambia baba kwamba ofisini wanahitaji mtaalamu wa mota aje akague. Uongo mtupu. Akavaa koti lake zuri, akaitia mikono mifukoni, tukaenda.

Alipoingia akaona kiti, bakuli la supu, na mkono wa roboti wenye Dume wanne. Akaelewa palepale, akanitupia jicho.

"Mtaalamu, eti," akasema.

"Mtaalamu anakaa hapo," nikajibu, nikimwonyesha kiti.

Sikutegemea kwamba atakaa. Akakaa. Zile mota alizichagua yeye, na asingekubali mtu mwingine amzindulie. Akabonyeza kitufe kwa kiwiko.

Mkono ulichota vizuri, ukapanda vizuri. Ukikaribia uso, tumeupangia uende mwendo wa konokono, usije ukamvunja mtu meno. Hapo ndipo Dume alipotuumbua. Mota inayokwamakwama ikienda mbio huwezi kujua. Ikienda polepole, inaruka kutoka sumaku hadi sumaku, na kijiko kinaruka nayo. Supu ya kwanza ikaishia kwenye koti. Akabonyeza tena, ya pili ikampata kidevuni, ikateremka shingoni. Akabonyeza tena, kwa hasira sasa, na ya tatu ikamwingia puani.

Nilijua mara moja nimefanya nini. Kabla sijafungua mdomo, baba akanitangulia.

"Mota ni nzima," akasema, supu inamdondoka. "Mbovu ni mimi. Nina ugonjwa wa kutetemeka, mwaka wa pili sasa. Mikono yote miwili, na siku hizi kichwa nacho kinacheza. Andika hivyo, mkuu. Binti yangu amechagua vizuri."

Sikuwa nimewahi kumsikia akilitamka neno hilo. Hata kwa daktari alisema ni baridi tu. Na sasa anajivua nguo mbele ya mtu asiyemjua, aliyeshika kalamu, ili mimi nisiaibike. Bwana Jedwali akashusha pumzi kama mtu aliyetuliwa mzigo. Akaandika kwenye safu yake, "Kasoro: mlaji," na kidole kikaelekea kitufe cha kutuma.

"Ondoa kidole hapo," nikasema.

"Fundi, mzee mwenyewe amekiri."

"Mzee anadanganya."

Nikamshika baba kwapani nikamwinua, nikakaa mimi kwenye kile kiti. Kichwa changu hakichezi, labda kwa ndani. Nikabonyeza. Supu ikanipiga jichoni. Nikabonyeza tena, ikanilowesha blauzi yote.

"Andika: kasoro, fundi," nikamwambia. "Nilipima ubabe, na kazi yenyewe ilikuwa inataka upole."

Nikafungua droo, nikamtoa Mchovu, nikambana kwenye jiliwa pale ukingoni mwa meza, shafti ikitazama juu, nikamfungia kijiko kwa utepe wa gundi na kukijaza maji mpaka ukingoni. Nikamwamuru aende mwendo uleule wa konokono. Akatembea nusu duara nzima na tone halikumwagika. Bwana Jedwali akakitazama kile kijiko, akalitazama jedwali lake, akafuta alichoandika. Akaandika Mchovu, mia tatu na ishirini, akatuma. Kisha akatusomea kwa sauti ndogo kwamba mzigo utafika baada ya miezi mitatu. Na Mchovu tuliokuwa nao walikuwa wawili tu, wakati mkono unataka wanne.

Baba alikuwa amesimama anajifuta kwa leso, na leso inamponyoka kila mara.

"Ungeacha tu," akaniambia. "Nilikuwa nimeshakubeba."

"Na wale themanini ungewabeba wapi?"

Akalitazama lile bakuli.

"Miezi mitatu," akasema.

"Mitatu, baba."

"Nitakuwa nimeshakufa."

Hakusema kwa kulalamika. Alisema jinsi anavyokupimia urefu wa waya, na hesabu yake ilikuwa sahihi. Halafu akavuta kiti akakaa, safari hii mikono ameiweka juu ya meza, inacheza itakavyo.

"Huyu bwana ameshajua," akasema. "Wewe ulijua tangu zamani, ukawa unatazama madirisha. Sasa namficha nani? Supu inapoa. Unangoja nini, kijiko kiote miguu?"

Nikachota. Nilikuwa najikaza nisilie na sikuweza. Akafungua mdomo huku ananitazama machoni, nami nikamtia kijiko cha kwanza kwa pupa mpaka kikagonga meno.

"Polepole," akasema. "Mimi si gunia."

Akala mpaka bakuli likaisha, Bwana Jedwali amesimama pembeni na kalamu yake asijue aandike wapi. Baba akameza, akajilamba midomo.

"Ipo nyingine?" akauliza.