Sauti Chini ya Sakafu

Mchana, watu wa Diboni, mji wa Wamoabi, walipojilaza kupisha jua, Hodeshi alikuwa akilala kifudifudi sakafuni, shavu juu ya jiwe, akisikiliza. Chini yake mtu alikuwa anaimba. Wimbo ulipanda polepole kutoka ndani ya mwamba, ukapenya jiwe, ukamwingia mifupani, hata asijue kama anausikia au anauota. Ulikuwa wimbo wa adui. Mwanzoni jambo hilo lilimuudhi, kisha likaacha kumuudhi, na hapo ndipo balaa lilipoanzia.

Mfalme wa Moabu alikuwa ametoa amri: kila nyumba ichimbe birika lake, shimo la mwambani chini ya sakafu, tumbo pana na mdomo mwembamba, la kukinga mvua. Waisraeli kila walipokuja na vita waliziba chemchemi kwa mawe, na Wamoabi walikuwa wamechoka kunywa vumbi. Wachimbaji walipatikana vitani hukohuko. Mji wa Waisraeli wa Atarothi ulipotekwa, mateka waligawiwa nyumba kwa nyumba. Hodeshi, mjane asiye na mtoto, akapewa Yorai, fundi chokaa, pande la mtu lenye nyusi nyeupe kwa vumbi la kazi yake.

Mume wa Hodeshi alifia ukutani pa Atarothi. Huenda aliyemuua ni huyuhuyu. Mwenye kovu usidhani kapoa, na Hodeshi hakuwa amepoa hata kidogo. Siku ya kwanza alimrushia mkate shimoni kama anavyorushiwa mbwa. Lakini alikuwa mwanamke wa haki, hata kwa mtu anayemchukia. Akaapa kwa jina la Kemoshi, mungu wao, mbele ya msimamizi wa mfalme: birika likikaa na maji ya mvua za kwanza bila kuvuja mpaka mwezi mwandamo, mtu huyu aende kwao. Aliapa kiwepesi tu, kama anayeahidi kutoa nguo asiyoipenda.

Walianza kwa kurushiana maneno.

"Bibi," sauti ilitoka shimoni, "mkate wako wa leo una mchanga."

"Wa kwenu una nini, asali?"

"Kwetu tunasema Mmoabi wa kwanza mimba yake ilitungwa pangoni, babu yenu kalewa hamtambui bintiye. Nikiutafuna mkate huu, naamini."

"Na nyie babu zenu walipita hapa wakitoka Misri, nyayo zimepasuka, wanaombaomba."

"Na hamkutupatia kitu. Sisi hilo tunafundishwa kabla hatujaota meno. Mmoabi hakutoka kutulaki njiani, si kwa mkate, si kwa maji."

"Mlikuwa wengi kama nzige. Nani anawalaki nzige?"

Kule chini Yorai akacheka, kicheko kikazunguka kuta za mwamba kabla ya kupanda juu, kikawa kama cha watu wengi waliokaa karamuni. Hodeshi naye akajikuta anacheka, akaziba mdomo kwa ncha ya shungi. Kesho yake alichekecha unga mara mbili, akaushusha mkate kwa kamba, ndani ya kikapu, na tini juu yake.

Ulipofika wakati wa kupiga lipu, Yorai aliomba vyungu vilivyovunjika avisage achanganye na chokaa, jivu na mafuta, maana bila vigae lipu haishiki maji. Hodeshi akakusanya alivyo navyo. Mwisho akaleta kikombe kilichopasuka ubavu, chenye mstari mwekundu.

"Hiki cha nani?" Yorai aliuliza.

"Cha marehemu mwenye nyumba. Kisage tu."

Yorai alikigeuzageuza mkononi. Akakisaga, ila alibakiza kigae kimoja chenye ule mstari mwekundu, akakigandisha ukutani karibu na mdomo wa birika, pale mwanga unapofika. Hodeshi alipokiona alikigusa kwa kidole, na siku ile akajua kwamba anampenda Yorai. Alijionea haya, akajitukana, lakini mapenzi hayakutoka.

Jirani yake Baara, mwanamke asiyepitwa na jambo, alimjia na ungo kiunoni.

"Shoga, siku hizi unga unachekechwa mara mbili. Si wanasema mgeni siku ya tatu mpe jembe?"

"Huyu jembe alipewa siku ya kwanza."

"Haya. Penzi ni kikohozi, mwenzangu, na mie masikio ninayo."

Mvua zikaja. Maji yalitiririka kutoka darini, yakaingia birikani usiku na mchana, na nyumba nzima ikawa inanguruma taratibu kama paka aliyeshiba. Yorai akachora mstari ukutani penye usawa wa maji. Kila alipoukagua na kuyakuta maji palepale, uso ulimnawiri. Kila uso wake uliponawiri, Hodeshi alipoteza hamu ya kula.

Basi siku moja Yorai akapelekwa mlimani kukata miiba ya kuchochea tanuri la chokaa, na Hodeshi akashuka birikani na tindo la fundi huyo. Maji yalimfika mapajani. Mwanga ulikuwa wa kijani, na pumzi yake mwenyewe ilimrudia kutoka kila upande, kana kwamba yumo ndani ya usingizi wa mtu mwingine. Akapapasa chini ya maji, akakwangua lipu kwa utulivu, kama anachambua dengu, mpaka kipande kikabanduka. Kile kigae chenye mstari mwekundu hakukitazama.

Aliwaza hivi: birika likivuja, kiapo hakijatimia, na Yorai atabaki. Hakuwaza zaidi ya hapo. Mapenzi hayamfanyi mtu mwerevu, nani asiyejua?

Maji yakashuka. Siku chache kabla ya mwezi kuandama, msimamizi wa mfalme akaja na fimbo yake ya kupimia, akaitumbukiza, akaitazama, akaguna.

"Huyu si fundi. Mwezi ukiandama na hali ni hii, namchukua. Handaki la ngome linahitaji watu."

Handaki lile kila mtu alilijua. Mateka waliingia humo wakitembea, wakatoka wamefunikwa mkeka. Kumbe kamba aliyodhani anamfungia nyumbani ilikuwa kitanzi.

Alimkuta Yorai birikani na taa ya mafuta, anapapasa kuta kama kipofu, ametafuta ufa tangu asubuhi. Maji yalikuwa yameshuka hadi usawa wa lile jeraha la ukuta. Hodeshi akamshika mkono, akauweka pale.

Yorai alipapasa kingo za tundu. "Hili si ufa. Hii ni kazi ya tindo."

"Ni tindo lako. Nilikwangua mimi."

Tone likaanguka mahali fulani, na birika likalirudia.

"Kwa nini, bibi?"

"Ukiondoka, nyumba itanyamaza. Nakupenda, Yorai. Nami kila mchana nalala pale juu kusikiliza wimbo wako."

Yorai hakuonekana na hasira, ila uchovu.

"Ule wimbo ni wa kubembeleza mtoto," alisema. "Mke wangu Zila alitoroka Atarothi na mwanetu mgongoni, wakavuka Yordani. Sijui kama wapo. Huku ndani ni kimya, basi humwimbia mtoto alale."

Hodeshi alilia bila kujificha. Yorai hakumgusa. Alichanganya chokaa, akamkabidhi mwiko.

"Umebomoa wewe. Ziba wewe. Nitakuelekeza."

Akaziba. Yorai alimshikia taa, akimwambia punguza maji, kandamiza hapo, usiharakishe. Mahali pa mwisho Hodeshi alikandamiza kwa dole gumba, na alama ya dole ikabaki.

Mvua nyingine ikanyesha. Mwezi ulipoandama, msimamizi alitumbukiza fimbo, akaikuta imelowa hadi juu, akamwacha Yorai huru, akaenda zake. Hodeshi akateka maji ya kwanza, akayamwaga chini kwa ajili ya Kemoshi. Yorai alitazama kando, akamnong'onea Mungu wake.

Asubuhi Yorai alijifunga mkanda, akaita ndani ya nyumba. Hakuna aliyeitika. Akangoja, akaita tena, kisha akatoka lango la mji kichwa chini.

Alimkuta Hodeshi njiani, pale mteremko wa kwenda Yordani unapoanza. Alikuwa amesimama katikati ya njia, mkate umefungwa kitambaani, kiriba cha maji ya birika begani.

"Wakikuuliza kwenu nani alikulaki," alisema, "uwaambie."

"Nitawaambia Mmoabi."

"Sema mwanamke wa pangoni. Na unga aliuchekecha mara mbili."

Yorai alijaribu kucheka, ikashindikana. Alikunywa, maji yakamchuruzika kidevuni. Akaumega mkate, nusu akala palepale amesimama, nusu akaifunga vizuri kitambaani kwa ajili ya mtoto. Akamwinamia Hodeshi kama anavyoinamiwa mama mwenye nyumba, akashika njia.

Mchana, watu wa Diboni walipojilaza, Hodeshi alilala kifudifudi sakafuni. Kulikuwa kimya, maji tu. Akajikokota hadi mdomo wa birika, akaanza kuuimba ule wimbo, na birika likamrudishia. Maneno hakuyajua, akaimba hivyohivyo.