Mashine Iliyokuja na Saa Zake

Jumatatu, saa tatu asubuhi, fundi wa hospitali alikuwa amelala chali chini ya sinki la wodi ya watoto njiti, akibadilisha mpira wa bomba, sista mkuu alipomwomba amwazime tochi. Tochi haikuwa ya sinki. Ilikuwa ya mashine ya dirishani, kwa sababu ndani yake ilikuwa bado usiku.

Mashine hiyo ya kuwatunzia watoto joto ililetwa miaka miwili kabla, ndani ya kasha lenye mihuri ya bandari nne. Siku ya kuipokea mkurugenzi alisema mgeni njoo mwenyeji apone, watu wakapiga makofi, na ilipochomekwa kwenye umeme ikaonekana imekuja na saa zake. Ndani ya kioo chake wakati ulikuwa nyuma kwa saa nane, kama kule ilikotengenezwa. Hapa jua likiwa utosini, mle alfajiri haijapambazuka. Hapa watu wakiwa mezani kwa chakula cha jioni, mle ni mchana kweupe. Manesi walizoea ndani ya wiki moja. Kwenye faili la mtoto waliandika saa ya hapa na, chini yake, saa ya kioo. Watoto wenyewe hawakulalamika. Mtoto njiti amekwisha kuwa na haraka mara moja, na hana hamu ya kurudia.

Fundi alikuwa anatengeneza kila kitu hospitalini, kuanzia mitungi ya oksijeni hadi birika la mkurugenzi, na wenzake walimwita Daktari wa Vyuma. Mashine ya dirishani aliruhusiwa kuifuta vumbi tu. Ubavuni ilibandikwa karatasi nyekundu: ikifunguliwa na asiyeidhinishwa, inajifunga moja kwa moja na haitawaka tena.

Sista mkuu alirudisha tochi pamoja na barua. Barua ilisema kibali cha mashine kitakwisha Alhamisi, saa sita mchana, kwa saa za mahali mashine ilipo. Kibali kipya kilikwisha kulipiwa zamani. Kilichobaki ni mtaalamu wa kampuni kuja kukiwasha kwa mkono wake, naye alikuwa akihudumia nchi saba peke yake. Angefika baada ya siku kumi na tisa kutoka siku ile.

Fundi aliisoma mara mbili, akaenda kuangalia kwenye kioo. Mle gizani alikuwa amelala mjukuu wake, mtoto wa mpwa wake, gramu elfu moja na mia moja, na kofia ya sufu iliyomzidi kichwa. Kila siku aliwekwa kifuani kwa mama yake, ngozi kwa ngozi, lakini akizidisha saa moja miguu ilipoa na pumzi zikaanza kuruka. Bila mashine hakuwa na siku mbili.

Alipiga simu ya kampuni. Ilipokewa na dada mmoja mpole ambaye hakuwa kwenye nchi ya kampuni wala nchi hii; nyuma yake jogoo alikuwa anawika.

"Kaka, nimekuelewa," alisema yule dada. "Lakini kuongeza kibali kwa mbali hatuwezi."

"Mtoto ana gramu elfu moja na mia moja."

"Pole sana. Mimi hapa nimepewa karatasi ya kusoma tu. Na ukurasa wenyewe umeisha."

Jumanne fundi alimpelekea mkurugenzi mchoro wa sanduku la mbao lenye balbu nne za kutoa joto. Mkurugenzi aliuangalia kwa heshima. Alisema hata yeye alizaliwa njiti, akalelewa kwenye boksi la viatu kando ya jiko, lakini siku hizi kitu kisicho na cheti hakiingii wodini, na kampuni ikisikia itaondoa na mashine yenyewe. Fundi alikunja mchoro wake akatoka. Jambo hilo lilikuja kumuuma baadaye kuliko yote, kwamba alitii kwa siku mbili nzima.

Jumatano jioni mpwa wake alimkuta kwenye korido. Alikuwa mwalimu wa darasa la tatu, mtu wa kunyoosha maneno.

"Mjomba, wewe si fundi?"

"Ni fundi, mwanangu."

"Kilichomo mle ndani unakijua?"

"Kuna feni, kuna koili ya joto na kuna saketi. Nakijua kama mfuko wangu."

"Sasa mbona unaniangalia?"

Fundi aliona haya, na haya ya mtu mzima haina pa kujificha kwenye korido ya hospitali.

Alhamisi saa sita kamili mashine ilizima. Kioo cha namba kiliandika asante kwa kutuchagua, kisha kikawa cheusi. Sista mkuu aliingiza mkono kwenye tundu la pembeni.

"Kuna joto," alisema.

Feni ya ndani ilikuwa inazunguka. Taa ndogo ya ndani ilikuwa inawaka. Mle kwenye kioo ilikuwa saa kumi alfajiri, na kibali kilikuwa hai mpaka saa sita mchana ya huko. Sista mkuu alitoa mkono, akaufuta, akaandika kwenye faili: saa sita mchana, mashine imezimwa. Chini yake: saa kumi alfajiri, mashine inafanya kazi.

"Tuna mpaka saa mbili usiku," alisema. "Ule mchoro unao?"

"Ninao."

"Basi mimi sijauliza kitu."

Fundi alivunja kabati la mafaili lililokuwa limekufa mlango. Mlinzi wa getini alikuwa na mashine ya kutotolea vifaranga nyumbani kwake, mayai arobaini yakiwa yamebakiza siku tano. Alisikiliza, akaenda, akarudi na kidhibiti joto chake kimefungwa kwenye gazeti. Alisema vifaranga watamsamehe, mke wake ndiye hana uhakika naye. Balbu zilisumbua zaidi. Kila duka liliuza zile mpya zisizokula umeme, nazo hazipashi hata ncha ya kidole. Saa tisa, mzee mmoja wa vifaa vya umeme alipanda ngazi, akapapasa rafu ya juu, akashusha boksi lenye vumbi la balbu za zamani, zile za uzi. Fundi alichukua nne.

Kwenye kioo kulikuwa kumekucha tangu saa nane za hapa. Mpwa wake alikaa pale mikono yote miwili ikiwa ndani ya asubuhi ya watu wengine, mkoba wake wa madaftari miguuni.

Saa mbili kasoro dakika kumi sanduku lilikuwa limeshika joto, na bakuli la maji limewekwa chini kwa ajili ya unyevu. Sista mkuu alimhamisha mtoto kwa mwendo mmoja. Mtoto alitoka na mchana wake. Ndani ya sanduku uso wake uling'aa kwa jua la adhuhuri, kivuli cha pua kikiwa kifupi. Saa mbili kamili feni ya mashine ilisimama. Mtoto alipiga chafya.

Alikaa kwenye sanduku majuma matano. Mtaalamu alikuja siku iliyotajwa, kijana mstaarabu mwenye mafua aliyoyapata kwenye ndege. Alitoa bisibisi, na fundi, aliyekuwa amemshikia tochi, aliona ni ya saizi na chapa ileile ya bisibisi yake mwenyewe. Mtaalamu alifungua mashine, akachomeka kidude, akabonyeza, akafunga. Fundi alitazama saa ya ukutani. Dakika nne.

Mtoto alipotoka hospitalini, fundi alipewa barua mbili, moja ya shukrani na moja ya onyo, zote zimesainiwa na mkurugenzi kwa kalamu moja. Sanduku lilibandikwa neno HALIJAIDHINISHWA, likapelekwa stoo. Ufunguo wa stoo alikuwa nao yeye.

Mtoto sasa anatambaa. Bado yuko nyuma kwa saa nane, na daktari amesema si ugonjwa. Jioni watu wakifunga madirisha, yeye anaanza kuchangamka, na mwanga wa mchana wa kule unamtoka usoni. Mama yake humweka mezani akasahihisha madaftari ya darasa la tatu kwa mwanga huo, na anasema ni mzuri kwa macho.

Kibali kipya ni cha mwaka mmoja, na ombi la kinachofuata limeshatumwa. Fundi aliiandika tarehe ya mwisho kwenye kalenda ya jikoni kwake, akaizungushia duara. Kisha akatoka kwenda kwa yule mzee wa vifaa vya umeme, akaagiza balbu nne za uzi.

Mzee alipanda ngazi, akapapasa rafu.

"Zimebaki tatu," alisema kutoka kule juu. "Hazitengenezwi tena. Nikushushie?"

"Nishushie," alisema fundi.