Bomba Lisiloshika Kutu

Mtaa mzima pale Iringa mjini uliijua sifa ya bomba la Bi Mwanakhamisi. Marehemu mumewe, Mzee Faraji, alilitoa kwenye nyumba kuukuu iliyobomolewa, akalifukia kwa mikono yake kutoka barabarani hadi jikoni. Ya majirani yakaliwa na kutu, lake wapi! Kila Idi bibi alilipaka rangi pamoja na kuta, na jirani aliyekatikiwa maji alijaziwa dumu bila kinyongo. Kizuri chajiuza, alipenda kusema.

Sasa mjukuu wake Yasmini alikuwa amekuja na mtoto wa miezi mitano, wa kunyonya chupa, akaita fundi alikague bomba. Bibi alinuna. Mtu anakaguliwa nyumbani kwake kama mwizi?

Fundi Anania aliweka sumaku pale bomba linapotokeza ukutani. Ikaanguka.

"Ni rangi hiyo," bibi akadakia. "Imepakwa miaka arobaini!"

Anania akakwangua kwa sarafu. Ikatoka kijani, ikatoka buluu ya mwaka aliofariki Faraji, ikatoka nyeupe. Chini ya hapo sarafu ilizama kama kwenye sabuni, na pale ilipopita pakang'aa.

"Bibi, chuma kingenasa sumaku. Shaba ingekuwa nyekundu. Hii ni madini ya risasi, ndiyo maana haikushika kutu. Ni sumu, inaingia kwenye maji kidogo kidogo, na inaowadhuru zaidi ni watoto, hata walio tumboni."

"Lakini maji ya mtoto nayachemsha mwenyewe!"

"Kuchemsha kunaua vijidudu, bibi. Risasi haifi."

Bi Mwanakhamisi akaitazama ile buluu. Faraji hakujua, maskini. Angejua, angeling'oa kwa meno.

"Likate," alisema.

Yasmini akamshika mkono, akidhani yamekwisha. Bibi akajitoa taratibu. Alimkumbuka Devota wa nyumba ya pili, mjamzito wa miezi saba, aliyeondoka asubuhi na dumu lake huku akimwombea baraka. Akajitanda kanga, akatoka.

"Hodi, Devota!"

"Karibu, bibi! Nimeinjika chai sasa hivi, kwa maji yako yale yale."

Mtaa mzima ungejua kabla ya adhuhuri.

"Yamwage, mwanangu," alisema. "Maji yangu yana sumu."