Nyota Iliyodhaniwa Mbili

Viviane hajafuta hata jasho la uzazi, mama mkwe wake akauliza, "Na mwenzake iko wapi?"

Mwenzake hakuwapo. Mtoto alikuwa mmoja, mnene, analia kwa pumzi zake zote. Lakini tumbo lilikuwa kubwa mno, na mkunga, Mama Mado, alilipapasa akatangaza mapasa, watoto wawili. Wanawake wa mtaa wa Kataki walikwisha pika pombe na kujikumbusha nyimbo za mapasa, zile za matusi matamu.

"Basi huyu amemukula ndugu yake tumboni," alisema Mama Alphonsine, yule mama mkwe. "Tutamwita Mulaji."

Viviane akamvuta mtoto kwake. Jina kama hilo humfuata mtu hadi kaburini: kuku akifa, ni yeye, mvua ikikawia, ni yeye.

"Mama, ngoja kwanza. Kule masomo ya jioni, Mwalimu Mwamba alitufundisha nyota."

"Nyota tena! Umezaa ama umesoma?"

"Vyote viwili, Mama."

Mama Mado akacheka puani.

"Kulikuwa nyota moja," Viviane akaendelea, mtoto kifuani. "Wataalamu waliona moto na baridi katika mwangaza wake, wakasema: hizi ni mbili, kadogo kananyonya kakubwa. Miaka mingi wakaiandika hivyo. Kumbe ni moja, imezeeka, inavua koti lake: ndani kunawaka, inje wingu limepoa. Hakuna aliyemukula mwenzake! Waliangalia tena, njo wakajua. Na sisi tuangalie tena. Mama Mado, ulipapasa nini?"

"Vichwa viwili. Kimoja juu, kimoja chini."

"Na kondo za nyuma ngapi zilitoka?"

"Moja. Kitovu kimoja. Ila maji, mama! Kama mto Lukuga umejaa."

Mkunga akainama kitandani. Akamchukua mtoto, mkono mmoja kichwani, mwingine ukashika makalio yake, ya mviringo, magumu. Macho yakamtoka.

"Yesu wangu! Kichwa cha pili njo hiki!"

Mama Alphonsine alijikaza. Midomo ikamcheza, akashindwa, akacheka hadi kanga ikamfunguka. Kisha akampokea mjukuu, akamgeuza, akamkagua.

"Matako ya marehemu bwana wangu, kabisa. Ataitwa Kisimba, jina lake."

"Na nyimbo zetu?" mwanamke mmoja akauliza mlangoni.

"Muimbe! Pombe haijui kuhesabu watoto," akajibu Mama Alphonsine.

Wakaimba. Kila walipofika penye maneno ya vichwa viwili, waliweka matako mawili, na Viviane, kitandani, akaitikia kuwashinda wote.