Painti Mbili za Monicah

Saa saba mchana, wakati wa kuona wagonjwa, Risper alikuwa kwenye chupa ya tatu ya dripu. Alfajiri alijifungua mtoto wa kike katika hospitali moja ya Homa Bay, akavuja damu hadi midomo ikageuka rangi ya majivu.

"Hayo ni maji na chumvi, hayageuki damu," Sista Mokeira alimwambia. "Lete watu wawili wa kurudisha, ndio tukuongeze damu."

"Kurudisha nini, sista, na sijapewa?"

"Ndio utaratibu, mama."

Friji ya damu ilikuwa nzima. Ilikuwa ikipoza soda za semina ya uchangiaji damu. Maurice, mume wa Risper, alikuwa ziwani upande wa Rusinga, simu imezima.

Aliyekuja ni mama mkwe, Monicah, waliyemzika miaka minne iliyopita. Alivaa gauni lile lile la kanisa, udongo umekauka kwenye pindo. Askari wa mlangoni alimwambia apanguse miguu.

"Nyathina, mwanangu," Monicah alisema, "nimekuja kumpa mtoto jina langu, nakuta mama yake anaondoka?" Akagusa chuma cha kitanda. "Hiki nakijua. Nilifia hapa, nikingoja painti mbili za damu."

Akaenda maabara. Clifford, aliyekuwa zamu, akaomba kitambulisho.

"Walikichukua walipotoa kibali cha mazishi."

"Una ugonjwa wowote, mama?"

"Ulioniua ulishaisha."

Clifford aliipitia fomu mara mbili. Iliuliza uzito, malaria, chale. Haikuuliza kama mtu yu hai. Akamtoa painti moja.

"Toa na ya pili," Monicah alisema. "Mimi za nini?"

Damu ilikuwa grupu O, na kwa kuwa ilitoka ikiwa baridi, haikuhitaji friji. Ilipanda mkononi mwa Risper ikinukia shamba lililonyeshewa. Kufikia jioni kucha zake zilikuwa nyekundu, na Monicah mdogo ananyonya kwa pupa. Monicah mkubwa alikuwa ameshaondoka, na kadi ya kumtaka arudi baada ya miezi minne.

Asubuhi tangazo la ukutani kuhusu watu wa kurudisha damu liliongezwa mstari kwa kalamu. Semina ilifunguliwa kwa maombi, soda zikasifiwa kwa ubaridi. Kwenye kitanda cha pili waliingiza msichana kutoka Ntimaru, mweupe midomo, dripu mkononi.

Sista Mokeira alimwinamia kwa upole.

"Pole, mama. Kwenu nani alikufa?"