Fundi Sikio

"Washa tena," Anwari alisema, na Hezron akawasha kwa mara ya nne.

Injini ya ile pikapu kuukuu ilinguruma vizuri tu. Anwari aliinama juu yake, ncha ya bisibisi refu ikiwa kwenye kifuniko cha valvu na mpini ukiwa sikioni, akasikiliza mpaka mgongo ukamuuma. Hakuna kitu. Injini ilikuwa imeshapata moto kwa vilima vya kutoka Ikuti, na injini ya moto huficha mambo. Hilo alikuwa amemweleza Hezron wiki iliyopita, na wiki ya kabla yake.

Hezron naye alikuwa na wimbo uleule. Alfajiri, gari likiwa la baridi, linagonga tiki tiki tiki kwa dakika moja hivi, halafu linanyamaza. Vijana wa gereji mpya, moja ya hizi zilizoota kila kona tangu biashara ziachiwe huru, walimwambia bila hata kufungua boneti kwamba injini imekwisha, atafute nyingine iliyotumika kutoka Ujapani. Jumamosi angeuza ng'ombe wake wawili wa maziwa aifuate Mbeya.

"Mzee Anwari, nimebaki na wewe tu," alisema. "Ukisema imekwisha, nauza."

Tukuyu nzima ilimwita Anwari Fundi Sikio. Enzi za karakana ya ushirika alikuwa akitaja ugonjwa wa gari likiwa bado linapanda kilima cha Ibighi. Karakana ilishafungwa, wateja wamehamia kwa vijana, na kilichobaki ni hilo jina. Ng'ombe wa Hezron wakiuzwa bure, jina nalo limekwenda.

Akaamua kwenda kulala Ikuti, nyumbani kwa Hezron, aisikilize injini mwenyewe ikiwa bado ya baridi. Aliondoka nyumbani amenuna. Mkewe Kuruthumu siku hizi alikuwa na tabia ya kuongea kwa kunong'ona, na akiambiwa aseme kama watu, anasusa. Juu ya hayo kulikuwa na ile saa ya mezani kutoka kwa Haruni wa sokoni. Mishale inatembea, kengele hailii, na Anwari alikuwa akichelewa kuamka kila siku. Kuruthumu alishikilia kwamba inalia. Hilo ndilo lililomuudhi zaidi, mke kumtetea muuza saa.

Kesho yake alfajiri alitoka nje kwa Hezron, akakuta jiko la mkaa linawaka chini ya injini.

"Ndaga, fundi," alimkaribisha Sekela, mke wa Hezron, kwa Kinyakyusa, uso umejaa furaha. Alikuwa ameamka saa kumi kulipasha gari moto, mgeni asije akasimama kulisubiri kwenye ukungu wa Juni. Kwao mgeni hapewi kitu cha baridi, iwe chai, iwe maji ya kuoga, na sasa hata gari.

Anwari alikaa juu ya ndoo. Alitamani kupiga kelele, ila mtu hampigii kelele mwanamke aliyeamka saa kumi kwa ajili yake.

"Mama," alisema, "mimi nimeifuata hiyohiyo baridi."

Ikabidi alale usiku mwingine. Jioni alikula ndizi na maharage, akihesabu kwamba kesho ni Ijumaa.

Ijumaa hakuna aliyeligusa gari. Boneti ilikuwa na umande, na chuma kiliuma vidole. Anwari aliweka bisibisi mahali pake, mpini sikioni, akampa Hezron ishara.

Injini ikawaka. Anwari alisikiliza. Ilinguruma vizuri tu.

"Huo hapo!" Hezron alipaza sauti kutoka kwenye usukani. "Umeusikia, fundi?"

Anwari alidhani anataniwa. Aligeuka kutafuta shahidi, akamwona Sekela amesimama karibu na taa ya mbele. Kidole chake kilikuwa kikigonga bati la gari bila mwenyewe kujua, haraka haraka, kufuata mlio fulani. Tiki tiki tiki.

Hakumtazama mtu. Aliutoa mpini sikioni, akafumba macho, akauuma kwa meno, na hapo, ndani ya mifupa ya taya, mlio ukaja. Kavu, mwepesi, upande wa juu wa injini. Akafumbua macho na kukitazama kile kidole. Mlio ulipofifia menoni, kidole kilipunguza mwendo. Ulipokoma, kikatulia.

Alipanguza mdomo.

"Injini ni nzima," alisema. "Iliyokwisha ingegonga mchana kutwa. Hiyo filta yako ya dukani haishiki oili. Usiku oili yote inashuka, asubuhi valvu zinagonga kavu mpaka ipande tena. Badilisha filta. Ng'ombe waache."

Hezron alicheka kwa sauti, akamshika mkono kwa mikono yote miwili. Alisema kitu kuhusu Fundi Sikio. Sekela hakucheka. Alikuwa akiutazama mpini wa bisibisi, uliokuwa na alama za meno.

Nyumbani Kuruthumu alikuwa jikoni. Anwari aliichukua saa ya Haruni, akaitega kengele ilie wakati uleule, akaisogeza karibu na sikio. Kimya. Akauuma mpini na kugusisha ncha ya bisibisi kwenye saa.

Meno yote yalitetemeka.

Kuruthumu alitokea mlangoni, mikono ina unga, akaanza kuuliza ni nani anayeichezea hiyo saa. Anwari hakuizima. Alibaki ameuma mpini, akiitazama midomo yake.