Siku Mifereji Ilipoganda

Hakuna mwanamume wa Friesland, kaskazini mwa Uholanzi, anayesikia kwamba barafu imeshika mferejini akabaki na akili zake timamu, na Wobbe, pamoja na miaka yake sabini na mmoja, hakuwa tofauti na wenzake. Asubuhi ile alikuwa amekwisha kuburuta mafungu ya mabua ya ngano hadi bustanini. Ilibaki kuyatandaza tu juu ya kitalu cha maua ya tulipu cha mkewe, Baukje, kabla ya jua kuzama. Usiku ungekuwa wa baridi kali, theluji ya kufunika ardhi na kuikinga haikuwepo, na vile vitunguu ambamo tulipu huchipuka vilikuwa vichanga, vimefukiwa juujuu.

Baukje aliviotesha kutoka mbegu. Huu ulikuwa mwaka wa saba na hakuna hata kimoja kilichowahi kuchanua. Vilitarajiwa safari hii. Mwenyewe alikuwa ndani, amevunjika nyonga, anajikongoja kwa magongo.

"Nakwenda kuionja tu hiyo barafu," alisema Wobbe, viatu vya kutelezea begani. "Saa moja tu, mama."

"Saa yako naijua, bwana wee. Mabua kwanza!"

"Nikirudi!"

Akateleza hadi kijiji cha pili, akanywa supu ya njegere, akateleza hadi cha tatu. Alipokumbuka kutazama juu, jua lilikuwa limezama.

Alirudi roho mkononi. Mabua yalikuwa palepale alipoyaacha. Lakini kitalu kilikuwa kimefunikwa kwa blanketi zito la kitanda chao, pembe zimekandamizwa kwa masufuria manne, na kando yake vishimo vya magongo vimetoboa nyasi. Wobbe akatandaza mabua, akakimbilia ndani.

Baukje alikuwa kitini, midomo imemgeuka buluu.

"Ungeanguka! Ungekufa huko nje, kwa ajili ya vitunguu!"

"Na wewe ungezama, kwa ajili ya maji magumu. Miaka saba hujapata barafu, miaka saba sijapata ua. Tumekutana vichaa wawili."

Wobbe alipiga magoti, akamvua ndara, akaziweka zile nyayo baridi tumboni mwake, chini ya sweta. Alimpenda mwanamke huyu kuliko alivyojua kusema.

"Nisamehe."

"Ilikuwa tamu?"

Machozi yakamtoka. "Tamu sana, mama."

"Basi nihadithie. Anzia hapo mlangoni, na usiruke hata daraja moja."